Acheni Kufungafunga Madirisha
Mhadhara kwa wahudumu wa saiba, makarani wa shule na walimu wa kompyuta, Kisumu

Hamjambo. Mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele karibu na feni. Sitaanza na kompyuta ni nini wala sehemu zake ni zipi, maana humu ndani kila mtu anakula kwa kompyuta. Naanza na lile ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu Nakuru na Kakamega, na nitalirudia mpaka nione mabadiliko. Mnafanya kazi kwa programu nne au tano kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kutoka moja kwenda nyingine.

Lawama naipeleka kwetu sisi walimu. Tazameni vyuo vyetu vya pakeji. Mwanafunzi anaanza Word, anafanya mtihani wa Word. Anaingia Excel, mtihani. PowerPoint, mtihani. Cheti kinatoka na alama za kila moja. Halafu anaajiriwa, na asubuhi ya kwanza mwalimu mkuu anamwambia: chukua majina ya wanafunzi wanaodaiwa karo kwenye Excel, waandikie wazazi barua, tuma nakala kwa barua pepe. Hapo ndipo anapokwama. Tumemjengea nyumba ya vyumba vitano tukasahau kutoboa milango. Na vijana wa sasa wanatoka kwenye simu, ambako programu moja inajaza kioo chote, kwa hiyo akikaa mbele ya kompyuta anatanua kila dirisha mpaka mwisho na hajui nyuma yake kuna nini.

Nitawapa mfano mmoja, na nitakaa nao, kwa sababu nauona kila mwaka. Ni Juni, wiki ya mwisho. Foleni ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, imetoka nje mpaka kwa muuza mahindi, kwa kuwa tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. Mwalimu mmoja wa kike amekaa kwenye kiti cha mteja. P9 yake, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, iko kwenye barua pepe. Mhudumu, kijana mwepesi kabisa, amefungua iTax, tovuti ya kodi, kwenye Chrome, na P9 ameifungua kando kama PDF. Sasa anataka PIN ya mwajiri, namba yake ya kodi. Herufi na tarakimu zake kwa jumla ni 11. Kijana anaikariri, midomo inacheza: P, sufuri, tano... Anapeleka maus juu kulia, anabonyeza kile kistari, PDF inashuka. Kumbe chini yake kuna Word ya mteja aliyeondoka. Anaishusha nayo. Chini ya Word kuna folda. Anaishusha. Skrini iko tupu, imebaki picha ya milima tu. Anashuka kwenye upau wa chini kutafuta Chrome, anabofya, vinatokea vipicha vitatu kwa sababu madirisha ya Chrome yako matatu. Anachagua lisilo lenyewe. Akifika iTax, tarakimu za mwisho zimeshamtoka kichwani.

Anarudi kwenye PDF. Safari hii, akishaandika PIN, anaifunga kabisa ili isimsumbue. Dakika moja baadaye anahitaji jumla ya mshahara. Anarudi kwenye barua pepe ya mwalimu, anaipakua tena P9, na sasa kwenye folda ya vipakuliwa kuna P9 tatu zenye jina moja na namba tofauti kwenye mabano. Ipi ni ya mwaka huu? Mwalimu anaangalia saa. "Kijana wangu, mimi nina kipindi saa nane." Naye anajibu, "Madam, ni kidogo tu, mtandao uko chini."

Mtandao haukuwa chini! Mtandao siku hiyo ulikuwa unakimbia. Kilichokuwa chini ni yale madirisha yote aliyoyashusha.

Sasa tazameni mkono wangu. Kidole gumba cha kushoto kinashikilia Alt. Hakiachilii. Kidole kingine cha mkono huohuo kinagusa Tab mara moja, kisha naachilia vyote. Nimehama. Nikigusa tena vilevile, nimerudi. Kijana yule angekuwa kwenye PDF, angeiteua ile PIN, Ctrl na C anainakili, Alt na Tab anahama, Ctrl na V anaibandika. Basi. Hakuna kukariri, na mwalimu anawahi kipindi chake.

Wengi mnaniambia, "Hiyo Alt na Tab tunaijua." Mnaijua nusu. Mnabonyeza na kuachilia, mkifika pasipo penyewe mnabonyeza na kuachilia tena, na mnajikuta mnapigwa huku na huku kati ya madirisha mawili yaleyale. Mnasema imeharibika. Haijaharibika, inafanya kazi yake. Windows inayapanga madirisha kwa jinsi ulivyoyatumia. Ulilonalo sasa ni la kwanza, ulilotoka sasa hivi ni la pili, la kabla ya hilo ni la tatu. Ukigusa Tab mara moja na kuachilia, unakwenda kwa la pili, nalo linapanda kuwa la kwanza. Ndiyo maana mguso wa pili unakurudisha. Ukitaka la tatu, ENDELEA kushikilia Alt na uguse Tab mara mbili. Orodha ya vipicha inatokea katikati ya skrini, unaiona, unachagua, ndipo unaachilia Alt. Ukipita, ongeza Shift inarudi nyuma. Ukibadilisha nia, Esc, unabaki ulipokuwa. Na kama kidole kinachoka kushikilia, Ctrl na Alt na Tab kwa pamoja huiacha orodha wazi, unachagua kwa mishale na kubonyeza Enter.

Utaratibu huu ndio ninaotaka mwondoke nao leo. Aliyeuelewa anapanga kazi yake mapema: anagusa P9, kisha anagusa iTax, na kuanzia hapo hizo mbili ni jirani, mguso mmoja mmoja mpaka kazi iishe. Likijitokeza dirisha la tatu, tuseme ujumbe wa printa kwamba karatasi imekwisha, ukilibofya mpangilio umebadilika. Basi usiachilie Alt kwa mazoea, tazama orodha kwanza.

Nasikia mtu anasema maus inatosha. Sikatazi maus. Kama mkono uko kwenye maus tayari na madirisha ni mawili, bofya upau wa chini, uende. Lakini karani anayeingiza alama za darasa zima, jina kwa jina, kutoka karatasi ya mwalimu iliyoko kwenye Word kwenda Excel, mkono wake uko kwenye kibodi. Kuutoa, kutafuta mshale, kulenga, kubofya, kuurudisha, kwa kila mwanafunzi? Ndiyo hao mnawaona mwisho wa muhula wanafunga bega kwa leso.

Mwingine atasema: mwalimu, mashine zetu ni kuukuu, kumbukumbu, ile RAM, ni GB 4, nikiacha programu wazi inaganda. Hiyo ni hoja nzuri na ina ukweli ndani yake. Programu iliyo wazi inatumia kumbukumbu hata ukiishusha chini. Kumbukumbu ikijaa, Windows huhamishia sehemu yake kwenye diski, na diski za zamani za kuzunguka ni za polepole, ndipo unaona ile taa inawaka bila kuzimika. Lakini tafuta mlaji mkubwa ni nani. PDF ya ukurasa mmoja haijawahi kuua mashine. Ni vile vichupo (tabs) ishirini vya Chrome, vya wateja wa tangu asubuhi, na kimojawapo kinacheza video ya mpira. Funga hivyo. Lile unalolifanyia kazi sasa hivi liache wazi, kwa sababu kulifunga na kulifungua upya ndiko kunakoisumbua diski zaidi.

Na mjue kwamba kufunga ili ufungue kingine ndivyo watu walivyolazimika kufanya kabla wengi wenu hamjazaliwa. Macintosh ya kwanza ilitoka Januari 1984 na kumbukumbu ya kilobaiti 128, na iliendesha programu moja kwa wakati. Ukitaka kutoka kuandika kwenda kuchora, unafunga, unasubiri, unafungua. Mwaka uliofuata Andy Hertzfeld, mmoja wa walioiandikia mashine hiyo programu zake, akatengeneza Switcher, ili programu kadhaa zikae wazi na mtu ahame kati yake. Upau wa chini wenye vitufe vya programu zilizo wazi ukaja na Windows 95, Agosti 1995. Taabu hii iliondolewa zamani, na mimi nakataa kuiona ikirudishwa hapa kwetu Kondele, Kisumu, kwa hiari.

Kuna P9 ambazo ni picha, mhasibu ameskani karatasi. Hapo kunakili hakufai, unasoma kwa macho. Usihame kabisa. Ukiwa kwenye P9 shika kitufe cha Windows na mshale wa kushoto, inakaa nusu ya skrini. Chagua Chrome ikae kulia. Sasa unaona zote mbili, macho ndiyo yanahama. Kwa nini jambo hili halimo kwenye mtaala wowote wa pakeji ninaoujua, sielewi.

Jambo zito. Ile orodha ya Alt na Tab inaonyesha vipicha vya kila kilicho wazi. Mteja wa sasa amekaa kando yako, anaona kitambulisho cha aliyemtangulia, anaona payslip yake, anaona matokeo ya hospitali mliyomchapia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, ni aibu. Kwa hiyo ninaposema acheni kufunga, nasema ndani ya kazi ya mteja mmoja. Akiinuka, funga vyake vyote, toka kwenye akaunti zake, ndipo mwingine akae. Na kama umewasha ile historia ya kunakili, Windows na V, ifute, maana PIN na nywila alizonakili bado zimo. Nimeona ritani ya mtu ikikaribia kujazwa kwa namba za mwingine kwa sababu iTax mbili zilikuwa wazi pamoja. Wenye saiba, hili lisimamieni nyinyi wenyewe, msimwachie kijana wa zamu.

Naonyeshwa saa. Haya, ya mbio mbio. Windows na namba: Windows na 1 inafungua au kukupeleka kwenye programu ya kwanza kwenye upau wa chini, 2 ya pili, mpaka 9. Pangeni upau sawa kwenye mashine zote, Chrome kwanza, Word, Excel, ili mhudumu akihamia mashine nyingine vidole visipotee. Ndani ya kivinjari, vichupo vinahamwa kwa Ctrl na Tab. Kama Alt na Tab inawachanganya kwa kuleta vichupo vya Edge, kuna mahali pa kuizima kwenye mipangilio ya mfumo, nitawaonyesha. Windows na Tab inaonyesha kila kitu kwa mpangilio mpana, na hapo kuanzia Windows 10 unaweza kuongeza eneo-kazi (desktop) la pili. Wenye Mac, ni Command na Tab, lakini inahamia programu, si dirisha. Kwa madirisha ya programu ileile, Command na kile kitufe kilicho juu ya Tab. Wa Ubuntu, karibu hivyohivyo kwa Alt. Na jihadharini, Alt na F4 INAFUNGA, msije mkateleza.

Ya maeneo-kazi mengi nilitaka kuyaeleza vizuri, hayawezekani leo. Maswali yasubiri. Umeme upo, kwa hiyo kila mtu akae kwenye mashine, afungue ile P9 ya mfano na Excel tupu, na maus zote zigeuzwe kifudifudi. Mama wa safu ya pili, kidole gumba kwenye Alt. Usiachilie bado.