Ukerewe: Watu, Mipaka na Usiku wa Sensa

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji wa kata na vijiji, nimeombwa nizungumzie idadi ya watu na mgawanyo wa utawala katika Wilaya ya Ukerewe, wilaya yetu ya visiwa ndani ya Ziwa Victoria, nami nitashika mada hiyo, ingawa wengi wenu mnaokaa hapa makao makuu ya wilaya, Nansio, mnaijua wilaya hii kunishinda.

Wilaya ina tarafa nne, yaani Mumbuga, Mumulambo, Ilangala na Ukara, na chini yake zimo kata 25, kisha vijiji na vitongoji. Afisa tarafa huwajibika kwa Mkuu wa Wilaya, diwani huchaguliwa na wananchi wa kata yake, na kijiji kina mwenyekiti, mtendaji na mkutano mkuu wa watu wazima wote. Haya mnayafahamu. Linalonishughulisha mimi ni kwamba ngazi hizi zilibuniwa kwa ajili ya nchi kavu, ambako mpaka wa kata ni korongo au barabara, na mtendaji huweza kupanda pikipiki asubuhi akarejea kabla ya adhuhuri. Mtendaji wa Irugwa, kata ya kisiwani, akiitwa kikaoni Nansio, safari yake huamuliwa na chombo atakachokipata na upepo wa siku hiyo.

Sasa tuzitazame hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilipata watu 345,147 katika wilaya hii, na ile ya mwaka 2022 ikapata 387,815. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 12 kwa miaka kumi, wakati Mkoa wa Mwanza kwa jumla ulitoka watu 2,772,509 ukafika 3,699,872, yaani asilimia 33. Sidhani kama kuna mtu humu atakayesema kwamba Wakerewe, Wakara na Wajita wameacha kuzaa. Ardhi ya kisiwa haiongezeki, na kisiwa cha Ukara kimejulikana tangu zamani kwa msongamano wa watu wanaolima mashamba yaleyale kila mwaka kwa samadi. Kwa hiyo kijana asiyepata shamba huvuka maji, na naamini wengi wao wamo katika wale takriban 400,000 walioongezeka Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mjini Mwanza, katika muongo huohuo.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likijadiliwa. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mvuvi wa dagaa hufuata giza: mwezi ukiwa mchanga au umefifia huwa kambini na taa zake, na mbalamwezi ikikomaa hurudi nyumbani, kwa kuwa taa hazivuti dagaa tena. Sensa ya mwaka 2012 ilifanyika Agosti 26, siku chache kabla ya mwezi mpevu. Ile ya mwaka 2022 ilifanyika Agosti 23, siku chache kabla ya mwezi kuandama, yaani katika giza lenyewe, wakati makambi yamejaa. Basi tunapolinganisha kitongoji cha kambi katika sensa hizo mbili, sehemu ya tofauti tunayoiona yaweza kuwa ya mwezi tu, tena baadhi ya watu waliojaza kambi hiyo wana nyumba zao Bunda, Muleba au Geita.

Dosari hiyo ni ndogo katika jumla ya wilaya. Katika kata ya visiwani, hata hivyo, yaweza kuwa kubwa, kwa sababu dawa za zahanati na mgao wa walimu hupangwa kwa kutumia idadi hiyohiyo, na wastani wa watu wapatao 15,500 kwa kila kata hauwezi kumwonyesha mpangaji mipango kambi inayojaa na kupwa kila mwezi. Pendekezo langu ni kwamba rejesta ya wakazi anayoitunza mtendaji wa kijiji iwe na safu mbili kwa kila kambi, moja ya wakati wa giza na nyingine ya wakati wa mbalamwezi, na zote mbili zifikishwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla bajeti haijaandikwa. Ningependa watendaji wa visiwa vidogo wawe wa kwanza kunijibu kama jambo hilo linawezekana kwa wafanyakazi walio nao.