Kombaini Inamwaga Mdomoni

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, Bwana Sheha. Nimeitwa hapa Cheju, Unguja, kuzungumzia uvunaji wa mpunga, na wanaonijua washaanza kucheka, maana wanajua naanzia wapi. Naanzia pale pale: punje ambazo kombaini, mashine ya kuvunia, inazimwaga mdomoni.

Chukueni mabanzi manne, mpige fremu ya mraba, nusu mita kila upande. Mashine ikiwa katikati ya jaruba, mwambieni dereva asimame, kisha arudi nyuma urefu wa mashine yake. Mbele ya kichwa, yaani ule mdomo unaokata mpunga, patabaki kipande kilichokatwa ambacho makapi ya nyuma hayajakifikia. Lazeni fremu hapo, mchutame, mhesabu punje. Halafu nendeni kwenye mpunga uliosimama, mhesabu kwa fremu ile ile zilizopukutika zenyewe, mzitoe kwenye hesabu ya kwanza. Zinazobaki zimeangushwa na kichwa.

"Mwalimu, watu wazima tuhesabu punje?" Hesabuni! Punje 1,000 za mpunga zina gramu kama 25. Mkikuta 100 za kichwa ndani ya fremu, hizo ni 400 kwa mita ya mraba, yaani gramu 10. Eka ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Kilo 40 kwa eka, jamani! Na mwenye shamba yuko barazani analalamikia bei ya mbolea. Mwengine ataniambia hazipotei, zinaliwa na kuku wake. Basi kuku huyo umemlimia, umempalilia, na kombaini umemkodia yeye.

Wala msiniambie tuletewe mashine mpya. Mpya nayo ikiendeshwa ovyo itamwaga vile vile. Litazameni lile panka la mbele lenye vidole, linalousogeza mpunga kwenye kisu. Likienda mbio linaupiga, na mpunga mkavu ukipigwa unapukutika. Linatakiwa lizidi mwendo wa mashine kidogo tu, asilimia 10 hadi 25. Fungeni kipande cha kanga kuukuu kwenye ubao mmoja wa panka, mhesabu kinavyopita. Panka la kipenyo cha mita moja, mashine ikienda kilomita 3 kwa saa, lizunguke mara 18 hadi 20 kwa dakika. Gharama yake ni kanga ambayo mama keshaifanya dekio.

Mpunga uliolala ndio unaotaka fundi. Yule anayewachomeleeni mageti awakatie flatibaa, vile vyuma bapa, azipinde ncha kama pua ya ngalawa, azitoboe, mzifunge kwa boliti chini ya vidole vinavyokinga kisu, moja kila sentimita 30. Pua inateleza juu ya ardhi, inapita chini ya mpunga, inaunyanyua mpaka kwenye kisu. Mteremko wake uwe mpole. Ukiwa mkali unasukuma badala ya kunyanyua. Na dereva aingie akikabili masuke ya mpunga, asiufuate ulikolalia.

Najua kuna anayenong'ona, "mashine si yetu, ni ya kukodi." Ndiyo maana nikasema boliti. Muombeni mwenyewe ruhusa, mfunge, mkimaliza mfungue. Akikataa, muonesheni punje za kwenye fremu.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, haraka: nyufa pale kichwa kinapoungana na koo la mashine, njia ya kupeleka mpunga ndani, zibeni kwa vipande vya tyubu. Tope likiganda chini ya kichwa, fungeni plastiki ya simtangi lililopasuka, vichwa vya boliti vizame ndani visikwaruze.

Lakini hili siliachi. Ikibidi kuchomelea juu ya mashine yenyewe, betri ifunguliwe nyaya kwanza na majani makavu yaondolewe. Na mtu asiingie chini ya kichwa kilichonyanyuliwa kabla injini haijazimwa na kizuizi chake cha chuma hakijatiwa, hata kama dereva ni mkwewe.