Gunzi, chanuo na puti: kuchora mikwaruzo kwenye ubao

Mambo vipi wapenzi wa rangi. Niko Uyole, Mbeya, ni Julai. Mkiona mkono unatetemeka msinifikirie vibaya, ni baridi.

Ubao wangu ni hadibodi, ule mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa; napaka upande wa nyuma wenye vinundu. Ule laini pasta inabanduka. Huo laini, ambao sasa ndio mgongo, nimeupiga rangi alama ya msalaba usije ukapinda. Pasta: puti ya ukutani vijiko vitatu, gundi nyeupe ya mbao kimoja, mchanga uliochekechwa, nusu kijiko. Koroga, paka unene wa sarafu, basi.

Sasa USIGUSE. Narudia, usiguse bado. Mwaka jana nilikuwa na oda ya watu, haraka zangu nikapitisha chanuo mapema, mistari ikajifukia yenyewe kama matope nyuma ya tairi. Nikasema nianike juani. Ikapasuka yote! Jua linakausha juu, chini bado mbichi. Kwa hiyo weka kidole: kikitoka na pasta, subiri. Kikiacha alama na kutoka kikavu, ndiyo saa yake. Kwa baridi ya hapa nasubiri hata dakika 40. Ninyi wa Kyela, kwa joto lenu, msithubutu kwenda kunywa chai.

Haya, raha yenyewe. Gunzi la mahindi, viringisha bila kukandamiza. Sogeza kamera... vitundu hivyo, safu kwa safu, mnaviona? Sasa chanuo la nywele, navuta kwa mkupuo mmoja na... aaah! Punje ya mchanga imenasa kwenye jino, imechimba mfereji mpaka ukingoni. Na ni mimi niliyesema chekecha. Chekecheni mara mbili jamani.

Sifuti. Pasta iliyoanza kukaza ukiifuta unapata kovu baya zaidi. Naongeza mifereji miwili pembeni yake, tayari ni matuta ya viazi ya milima ya Uporoto.

Brashi ya kufulia wengi wanaipenda, mimi inanikumbusha bweni. Napenda kokoto laini: nasugua kipande kimoja king'ae, kama akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, wanavyosugua vyungu vyao. Ukikwaruza ubao mzima, mkwaruzo hauonekani tena.

Kesho, nimesema kesho, si leo jioni, pitisha rangi nyeupe ya maji kwanza. Puti tupu inanyonya rangi ya juu, utaifuta mpaka uchoke. Nyeupe ikikauka, paka kahawia iliyozimuliwa, hesabu mpaka kumi, futa kwa tambara lenye unyevu. Unyevu tu! Likilowa linakomba mpaka rangi ya mabondeni, ndani ya mikwaruzo, na hiyo ndiyo tunayoitaka ibaki.

Asiye na muda wa kuchanganya, pasta ninayo, kopo la nusu lita. Mchanga wake nimechekecha mwenyewe. Eh... hili la leo nitalichekecha upya.