Joto Linapomwongezea Kiwavi Vizazi

JUMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo niko na dada Salma, na tunazungumzia wadudu waharibifu wa mazao. Dada, tabianchi ikitajwa, wengi huwaza ukame na mafuriko. Mdudu anahusikaje?

SALMA: Anahusika kwa mwili wake, kaka. Hana uwezo wa kutunza joto lake kama sisi. Hewa ikipoa anadorora, ikipata joto anakula sana na kukua upesi. Mtazame kiwavijeshi vamizi, yule anayeshambulia mahindi. Penye joto, kutoka yai hadi nondo ni kama siku 30. Penye baridi zinaweza kufika 80 au 90. Na nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000.

JUMA: Kwa hiyo zao moja linakutana na kizazi juu ya kizazi.

SALMA: Ndiyo hatari yenyewe. Mwaka 2018, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulikadiria kuwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka duniani itapandisha hasara ya wadudu kwenye ngano, mpunga na mahindi kwa asilimia 10 hadi 25. Naomba tuelewane hapo: ni hasara inayopanda kwa kiwango hicho. Si kwamba robo ya mavuno yote inapotea.

JUMA: Na wanaoumia zaidi ni akina nani?

SALMA: Kwa nafaka hizo, nchi zenye majira ya baridi. Baridi kali ilikuwa ikiwaua wadudu wengi bure, bila dawa. Kwenye tropiki baadhi yao tayari wanakaribia ukomo wa joto wanaloweza kustahimili, lakini wana pa kukimbilia: milimani. Kile kidudu kinachotoboa buni za kahawa kimekuwa kikionekana juu zaidi kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuliko zamani.

JUMA: Tuje kwenye mmea sasa. Nilidhani hewa ya ukaa ikiongezeka mmea unanufaika.

SALMA: Unakua, ndiyo, lakini jani linabadilika. Huko Illinois, Marekani, watafiti walizungushia soya mabomba shambani, yakawa yanatoa hewa ya ukaa kwa kiwango kinachotarajiwa miaka ijayo. Hawakufunika kitu, wadudu waliingia wenyewe. Majani yale yakawa na sukari nyingi zaidi, na uharibifu ukazidi wa soya ya kawaida kwa asilimia 57. Kilichonishtua mimi ni sehemu ya pili. Soya ikitafunwa hutengeneza kemikali inayomzuia mdudu kumeng'enya protini. Hewa ya ukaa ilipozidi, kinga hiyo ilipungua. Mbawakawa waliokula majani hayo waliishi muda mrefu zaidi na kutaga zaidi.

JUMA: Mahindi nayo vivyo hivyo?

SALMA: Hapana, mahindi na mtama hutumia hewa ya ukaa kwa njia nyingine, kwa hiyo athari hiyo kwao ni ndogo. Shida yao kubwa ni joto na mvua zisizotabirika.

JUMA: Na wale nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi na kuwaua?

SALMA: Hao ndio wananipa wasiwasi, kaka. Nyigu anamhitaji kiwavi wa umri fulani. Joto likimharakisha kiwavi kuliko nyigu, nyigu anafika amechelewa. Mara nyingi pia nyigu hushindwa na joto kali kabla ya kiwavi. Mkulima akiongeza dawa kiholela, anawamalizia hata hao waliobaki.

JUMA: Basi mkulima wa mahindi afanye nini?

SALMA: Asingoje tarehe alizozoea. Mhindi ukishachipua, aanze kukagua, angalau mara moja kwa wiki. Ageuze majani atafute mayai yaliyorundikana, yamefunikwa na manyoya mepesi ya nondo. Akiyaona ayaponde hapo hapo. Viwavi wakitotolewa wanakwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe. Huo ndio wakati wa kuwawahi. Akishaona kinyesi kama unga wa mbao mbichi kwenye moyo wa mhindi, kiwavi yuko ndani na dawa ya kupulizia juu juu haimfikii.

JUMA: Na akikuta kiwavi amezungukwa na vifuko vidogo vyeupe?

SALMA: Amwache! Huyo haendelei kula, na ndani ya vifuko hivyo kuna nyigu wanaojiandaa kutoka.