Nyumba Kwanza: Halmashauri za Nyika ya Australia na Uhaba wa Watu

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wahadhiri wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie utawala wa mitaa katika maeneo yenye watu wachache, nami nimechagua nyika ya magharibi ya jimbo la Queensland, nchini Australia. Sisi hapa tumezoea kuuliza tutawapatia wapi watu wetu ardhi. Kule madiwani wanauliza ardhi yao wataipatia wapi watu. Halmashauri ya Diamantina ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 95,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya Tanzania nzima, na wakazi wake wote hawafiki 300. Mabasi matano ya mikoani yangewabeba wote, mtoto na mzee, na bado viti vingebaki.

Hata hivyo ina meya, madiwani na makao makuu yake katika kijiji cha Bedourie, na wajibu wa maji, taka, barabara na viwanja vya ndege haupungui kwa sababu watu ni wachache. Mji wake mwingine, Birdsville, ulihesabiwa kuwa na watu 110 katika sensa ya mwaka 2021, lakini mbio za farasi zinazofanyika huko tangu mwaka 1882 huleta maelfu ya wageni kwa siku chache, nao wote wanahitaji maji na vyoo. Kodi ya ardhi na majengo haiwezi kubeba mzigo huo. Halmashauri za namna hii huishi kwa ruzuku za serikali za juu na kwa mikataba ya kutengeneza barabara za jimbo, na kwa hiyo greda kule ni chombo cha uchumi kabla ya kuwa chombo cha barabara: dereva wake ni mtumishi wa halmashauri, mshahara wake unabaki katika duka la kijijini, na watoto wake wanahesabiwa katika darasa ambalo pengine lingefungwa.

Sasa niwapeleke Quilpie, kiasi cha kilomita elfu moja magharibi ya Brisbane, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtu wa mbali angedhani kwamba mji kama huo unakimbiwa kwa kukosa ajira. Sivyo. Nafasi za kazi zilikuwapo, ila mwalimu au fundi aliyekubali kuja hakupata mahali pa kulala. Kujenga nyumba nyikani, ambako vifaa na mafundi husafirishwa mamia ya kilomita, hugharimu kuliko bei ambayo nyumba hiyo ingeuzwa siku inapokamilika, na benki, ambayo hutazama bei ya kuuzia, husita kukopesha. Kwa hiyo hakuna anayejenga, na kwa kuwa hakuna anayejenga hakuna anayehamia.

Mwaka 2021 halmashauri ya Quilpie, chini ya meya Stuart Mackenzie, ilitangaza ruzuku ya dola 12,500 za Australia kwa atakayejenga nyumba mjini na kuishi humo kwa muda wa miezi sita. Kiasi hicho kililingana na bei ya kiwanja, hivyo magazeti yakaandika kwamba ardhi inagawiwa bure. Viongozi walitarajia familia tano. Katika muda wa wiki mbili hivi waliuliza watu zaidi ya 250, wakiwemo wa nchi za nje ambao mpango haukuwahusu. Mimi nakiri kwamba ruzuku yenyewe ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya ujenzi, na sidhani kwamba peke yake inaweza kumshawishi mwenye benki. Thamani yake ilikuwa katika kuionesha nchi nzima kwamba mji huo una kazi na unataka majirani.

Mfano wangu wa mwisho haukuanzishwa na halmashauri, na wenye nyika yao watanibishia kwamba Mingoola, karibu na mpaka wa New South Wales na Queensland, ni shamba tu wala si nyika. Nauleta kwa sababu unatugusa. Wakulima wa hapo waliona shule yao ya msingi ikiishiwa watoto, wakazikarabati nyumba za mashambani zilizoachwa tupu, kisha wakashirikiana na wahamiaji wa Maziwa Makuu waliokuwa mijini wakitamani kulima kama walivyolima kwao. Kufikia mwaka 2016 familia zenye asili ya Afrika ya Kati zilikuwa zimehamia pale, na shule ikapata wanafunzi. Angalieni mpangilio: walianza kwa kupaka rangi kuta na kuziba mapaa, ndipo wakatuma mwaliko.

Naona wahandisi wa halmashauri wameshainua mikono. Nadhani swali lao ni la gharama ya vifaa, basi tuanze nao.