Kalamu ya Entebbe

Mwenyekiti ananijua, ameshaweka saa mezani. Haya.

Kila nikisimama hapa Kampala, hakosi mtu wa kuniambia: "Mwalimu, lakini magavana wa Kiingereza walikuwa na huruma, waliwaponya wengi na kitanzi." Huruma gani, ndugu zangu? Kabla ya 1930 mahakama zetu za Uganda zilifuata kanuni ya adhabu ya India. Jaji akimkuta mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia, alikuwa na njia mbili: kitanzi, au adhabu ya maisha. Ikaja Kanuni ya Adhabu ya 1930, njia moja ikazibwa. Aliyevizia usiku, aliyemuua jirani akiamini kabisa kamroga mwanawe, wote kitanzi. Jaji hakuwa mjinga. Alitamka kifo mahakamani, kisha akamwandikia gavana taarifa.

Gavana ndiye aliyeamua nani anyongwe, nani aponywe. Kwa hiyo kesi ya pili ilisikilizwa kwake Entebbe, makao ya serikali ya kikoloni, mlango umefungwa. Mshtakiwa hayupo. Gavana anaketi na Baraza lake la Utendaji, lakini uamuzi ni wake; hata wajumbe wakimpinga, maagizo ya mfalme wa Uingereza yalimtaka tu aandike sababu kwenye kumbukumbu za kikao. Kumbukumbu za siri!

Na alisoma nini? Hapa mnivumilie. Tuseme Muganda kizimbani kasema kwa Kiganda, "Obusungu bwankwata." Sisi wa Kiswahili tunaelewa papo hapo: hasira ilinishika. Hasira ndiyo iliyotenda, mtu katendwa. Mkalimani anageuza, jaji anaandika kwa Kiingereza: nilikuwa na hasira. Basi! Aliyeshikwa sasa ndiye mwenye hasira, kana kwamba ni mali yake. Na jambo zima lilikuwa hapo: je, alichokozwa hadi akili ikamtoka? Karatasi inafika Entebbe kitenzi kimedondoka njiani.

Unacheka, kijana, lakini mtu alikuwa gereza la Luzira akisubiri jibu la karatasi hiyo.

Sawa, wapo walioponea hapo. Ila huruma isiyotoa sababu utaikatia rufaa wapi? Wale machifu wa Ankole waliohukumiwa kunyongwa kwa kifo cha Galt, ofisa wa Kiingereza aliyeuawa Ibanda 1905, walinusurika kwa Mahakama ya Rufani, si kwa kalamu ya gavana. Rundo la mawe la kumbukumbu yake liko Ibanda, nendeni mkalione.

Nilitaka kueleza kesi ya Susan Kigula, mfungwa aliyehukumiwa kifo, 2009, Mahakama ya Juu ilipowarudishia majaji ile njia ya pili... naona saa imeinuliwa. Na Kifungu cha 121 cha Katiba, kamati ya kumshauri Rais juu ya msamaha? Hicho ni kwenye chai. Anayetaka ugomvi anifuate.