Lenzi Inapokataa Kushika

Ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Wengine mmetoka Rongai na foleni ya Lang'ata Road naijua, kwa hiyo sitawazungusha. Leo ni lenzi inayokataa kufokasi, yaani kushika kitu kitoke kikali kwenye picha.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napiga picha za harusi. Bibi harusi anaingia kanisani, nimepiga goti katikati ya njia, nabonyeza kitufe, lenzi kimya. Natoa betri, narudisha. Kimya. Nikamwomba Mungu palepale, angalau sikwenda mbali. Bibi harusi akafika madhabahuni na mimi sina hata picha moja. Usiku, nyumbani, ndipo nikaona: ile swichi ndogo ubavuni mwa lenzi, yenye AF (lenzi inafokasi yenyewe) na MF (unafokasi kwa mkono), ilikuwa imesukumwa na mkoba ikaenda MF. Na fundi nilikuwa nimeshampigia simu.

Tangu siku hiyo, kamera ikigoma sitazami, nasikiliza. Bonyeza kitufe nusu, tega sikio. Lenzi imenyamaza? Inahangaika mbele na nyuma? Au imeshika, ikalia, kisha picha ikatoka na ukungu? Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na dawa zake hazifanani.

Ikiwa imenyamaza, swichi kwanza, tumeelewana. Pili, lenzi yenyewe. Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia na hizi lenzi za mitumba. Nikon za bei ya chini, D3500 kwa mfano, hazina mota ya kufokasi ndani ya kamera. Lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D inategemea mota ya kamera izungushe kijiti chake. Ukiifunga kwenye D3500, mwanga utapita, picha utapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono mpaka uzeeke. Unahitaji AF-S au AF-P, ambazo zina mota yake. Tena angalia kama hiyo AF-P inakubaliana na kamera yako, kwa sababu si kamera zote za zamani zinazoikubali. Wenye Canon EOS mnacheka, kwa sababu tangu 1987 mota imekaa kwenye lenzi. Sawa, chekeni. Lakini ninyi wote, Canon na Nikon: funga lenzi kwenye kamera yako mwenyewe, palepale dukani, ubonyeze, usikilize, ndipo utume M-Pesa.

Zile nukta za dhahabu nyuma ya lenzi ndizo njia ya mazungumzo kati ya lenzi na kamera. Zikishika jasho au vumbi, mazungumzo yanakatika. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Kuna wanaosugua kwa raba ya shuleni. Mimi sipendi, makombo yake yanaishia ndani ya kamera. Na kama kamera ilikuwa ya mtu mwingine, huenda alihamisha kazi ya kufokasi kwenye kitufe cha nyuma. Kitufe cha kupigia picha utakibonyeza nusu mpaka kesho, lenzi haitasogea.

Sasa ugonjwa wa pili, ule wa kuhangaika. Kamera haijui uso ulivyo mzuri. Inatafuta mistari, mahali ambapo cheupe kinakutana na cheusi. Ukichungulia kwenye kioo cha DSLR, hizi kamera zenye kioo ndani kinachokuletea taswira jichoni, inachukua mwanga unaopita pande mbili za lenzi, inalinganisha taswira mbili, na zisipolingana inajua izungushe upande gani na kwa kiasi gani. Pasipo na mstari, hakuna cha kulinganisha.

Tazameni. Kati ya nukta za kufokasi unazoziona ukichungulia, nimechagua ya pembeni kabisa, naelekeza kwenye yale mapazia ya vibao pale dirishani. Mnasikia? Inakwenda, inarudi, inakata tamaa. Sasa naigeuza kamera, naisimamisha wima. Imeshika! Mapazia ni yaleyale. Nukta nyingi za pembeni kwenye kamera hizi ndogo zinaona mistari ya upande mmoja tu. Canon 1300D ina nukta 9, na ni ya katikati peke yake inayoona pande zote mbili. Gizani, rudi katikati.

Na giza tunalijua. Ukumbi una taa za zambarau, bwana harusi ni mweusi kama mimi, suti nyeusi, nyuma pazia jeusi. Ukilenga shavu, kamera itahangaika mpaka keki ikatwe. Lenga ukosi wa shati jeupe, au hereni ya bibi harusi, au pale nywele zinapoanzia, bora pawe umbali mmoja na macho. Mimi siingii ukumbini bila tochi mfukoni, ya kumulika ninapolenga.

Na pete, ukiipiga kwa karibu lenzi ikakataa? Umesogea mno. Canon 50mm STM ya DSLR haishiki kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 35, na zinahesabiwa kutoka kwenye ile alama ya duara lenye mstari juu ya kamera, siyo kutoka mdomo wa lenzi. Rudi nyuma, utaikata picha baadaye.

Ugonjwa wa tatu nitaupitia haraka. Kuza picha. Kama hakuna kitu kikali popote, ulitikisika, au watu walikuwa wakicheza na kasi yako ya kupiga ni 1/30 ya sekunde. Kama sikio ni kali na jicho lina ukungu, hapo ni fokasi. Kwa wanaocheza tumia AF-C, fokasi inayomfuata mtu anayesogea; Canon wanaiita AI Servo. Ikiendelea kukosea hata kwa kitu kisichotikisika, weka tripodi, piga picha ya gazeti kwa kioo cha kuchungulia, kisha piga tena kwa skrini ya nyuma. Ya skrini ikiwa kali na ya kioo haiko kali, hapo sasa fundi ana kazi.

Ndiyo, dada wa mbele. Picha ziko sawa, lakini ukichungulia unaona ukungu? Hebu lete. Kuna kigurudumu kidogo hapa kando ya kioo, kinafuata macho ya mwenyewe. Una mtoto nyumbani? Nilijua. Chungulia, usitazame watu, tazama zile nukta, zungusha polepole. Bado? Endelea. Hapo? Haya, kijana wa nyuma.